Je, kupumua vizuri kunaponya mzio?

Swali: Shikamoo daktari. Nina mafua ya mzio tangu utotoni, na pumu kidogo. Asubuhi napiga chafya mfululizo, macho yanawasha, pua inaziba, na mume wangu anasema usiku nalala mdomo wazi. Mwalimu mmoja wa mazoezi ya pumzi ameniambia mzio wangu unatokana na kupumua vibaya: navuta hewa nyingi kupita kiasi, tena kwa mdomo. Anasema nikijifunza kupumua kidogo kwa pua, nikafunga mdomo kwa plasta usiku, nitapona na kuachana na dawa kabisa. Nina dawa ya kupuliza puani na inhela mbili. Nimsikilize?

Jibu: Marahaba, dada. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu mwalimu wako hajasema uongo mtupu. Angesema uongo mtupu ningekujibu kwa mistari mitatu. Amechukua mambo ya kweli kuhusu pua na pumzi, akayafunga pamoja na dai moja lisilo la kweli, na dai hilo ndilo linalogusa dawa zako. Kwa hiyo la haraka kwanza: dawa usiache. Maelezo yanafuata, na humo utaona kwamba mazoezi yenyewe sikukatazi.

Tuanze na mzio unakotoka. Neno aleji, ambalo wengi wetu tunalitumia kwa mzio, lilibuniwa mwaka 1906 na Clemens von Pirquet, daktari wa watoto wa Vienna, aliyeona kwamba mwili ukishakutana na kitu unaweza kubadilisha namna utakavyokipokea safari nyingine. Ni nini hasa kwenye damu kinacholeta badiliko hilo hakikujulikana hadi miaka 60 baadaye, mwaka 1966 na 1967, pale Kimishige na Teruko Ishizaka, mume na mke waliokuwa wakifanya kazi Marekani, na watafiti wengine huko Sweden, walipoitambua kingamwili tunayoiita IgE. Mwenye mzio ana IgE iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya chavua, au kinyesi cha utitiri wa vumbi, au mba za paka. IgE hiyo imejishikiza juu ya seli za utando wa pua zilizojaa histamini, kemikali inayoleta muwasho na uvimbe, imetega. Chembe inayohusika ikitua, mtego unafyatuka: ndani ya dakika chache unapata muwasho, chafya na kamasi nyepesi kama maji. Saa kadhaa baadaye seli nyingine za kinga zinafika, utando unavimba, pua inaziba.

Katika mlolongo wote huo, tafuta mahali ambapo mwili unahesabu pumzi zako. Hapapo. Kinga iliyokwisha kujifunza kuichukia chavua haisahau kwa sababu mtu amepunguza kuvuta hewa. Ndiyo maana dai la kupona nalikataa moja kwa moja.

Lakini pumzi ina kazi nyingine katika habari hii, na hapo mwalimu wako ana hoja. Pumzi ndiyo inayozibeba chembe hizo na kuzitua mahali fulani. Mtu mzima aliyetulia huvuta karibu nusu lita ya hewa kila pumzi, mara 12 hadi 20 kwa dakika. Ukijumlisha siku nzima, hewa inayopita inafikia kama lita 10,000. Ikipitia puani inakutana na kona, mikunjo ya nyama laini iliyojaa damu, na ute unaonata. Inapashwa joto, inatiwa unyevu, na vumbi kubwa linanaswa. Chembe nyingi za chavua zina upana wa maikroni 15 hadi 40 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), na vinyesi vya utitiri navyo havipishani nazo sana. Vitu vya ukubwa huo pua huvikamata karibu vyote. Vinyweleo vidogo mno vya utando huusukuma ule ute kuelekea kooni, na kwa mtu mwenye afya safari hiyo huchukua dakika 10 hadi 20 hivi. Tunaumeza bila kujua, tumbo linamaliza kazi. Paka ni kesi nyingine, maana sehemu ya vizio vyake (vitu vinavyoamsha mzio) hupanda juu ya chembe ndogo mno, chini ya maikroni 5, zinazoweza kupenya hata pua nzuri na kuelea chumbani kwa saa nyingi.

Sasa sikiliza jambo ambalo walimu wengi wa pumzi hulipita. Kama pua ndiyo chujio, basi chavua yote iliyozuiwa isiende mapafuni imebaki wapi? Imebaki puani, kwenye utando uleule wenye IgE iliyotega. Kupumua kwa pua kunayakinga mapafu. Pua yenyewe hakuikingi hata kidogo. Kwa hiyo mtu mwenye mafua ya mzio anayejitahidi kufunga mdomo msimu wa chavua anaweza kupiga chafya vilevile, pengine zaidi, huku kifua chake kikiwa na nafuu. Kwako wewe mwenye vyote viwili, mafua na pumu, hiyo bado ni biashara nzuri. Ila usije ukashangaa chafya zikiendelea, ukadhani umekosea zoezi.

Upande wa mapafu faida ni ya kweli na imepimwa. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani waliwafanyisha mazoezi vijana wenye pumu. Walipoachwa wapumue wapendavyo, wengi walitumia mdomo na mirija ya hewa ikabana baada ya zoezi. Walipoambiwa wapumue kwa pua tu, kubana huko kulipungua sana. Walipotumia mdomo tu, kukazidi. Hewa baridi na kavu inayoingia kwa kasi huikausha mirija, na mirija ya mwenye pumu haipendi kukauka; ikipitia puani inafika imeshalainishwa. Kikomo kipo: mtu akikimbia kwa nguvu, hewa anayohitaji inazidi uwezo wa matundu mawili ya pua, na mdomo unafunguka wenyewe. Huo si udhaifu wa nia. Chukua faida hiyo unapotembea haraka au unapopanda ngazi, na ukikimbia kweli uache mdomo ufanye kazi yake.

Nije kwenye mdomo wazi wa usiku. Mwalimu amekuambia: unahemea mdomo, ndiyo maana una mzio. Mimi naona mshale umegeuzwa. Una mzio, pua inavimba, hewa haipiti, mwili unafungua mdomo ili usikose pumzi. Ukilala hali inazidi, maana damu hujaa zaidi kwenye utando wa pua mtu akiwa amejinyoosha. Tena pua hata ya mtu mzima wa afya haipitishi hewa sawasawa pande zote mbili: tundu moja hulegea na jingine hukaza kiasi, kisha baada ya saa kadhaa hubadilishana. Daktari Mjerumani Richard Kayser alilieleza hilo mwaka 1895. Mwenye pua safi hahisi kitu. Mwenye uvimbe wa mzio anaamka saa nane usiku tundu moja limeziba kabisa na la pili liko njiani.

Sasa mtu wa namna hiyo umbandike plasta mdomoni? Tafadhali, usifanye. Mdomo ndiyo njia ya akiba. Una pumu, inayoweza kubana usiku wa manane. Na kama unakoroma na mumeo anaona pumzi inakatika kisha unashtuka, huenda una tatizo la kukatika pumzi usingizini ambalo linahitaji kupimwa, na plasta italificha tu. Fungua pua kwanza. Ikishafunguka, mdomo wa watu wengi hujifunga wenyewe bila plasta wala mawaidha. (Mtoto anayehemea mdomo kila siku ni mgonjwa wa kupelekwa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Mara nyingi ni tezi za nyuma ya pua zilizovimba, au ni mzio huuhuu. Kumkemea afunge mdomo hakusaidii.)

Kuhusu kuvuta hewa nyingi kupita kiasi. Wazo hilo lina mwenyewe: Konstantin Buteyko, daktari wa Umoja wa Kisovieti, aliyelianzisha miaka ya 1950. Aliamini kwamba wenye pumu hupumua mno, wakapoteza hewa ukaa, na mirija ikabana kujilinda. Dawa yake ilikuwa kupunguza pumzi, kutumia pua, na kubana pumzi kwa vipindi. Njia hiyo ilipimwa. Jaribio moja lililochapishwa Australia mwaka 1998, la watu 39 wenye pumu, liliona kwamba waliofundishwa walipunguza sana matumizi ya inhela ya kutuliza. Hilo si dogo. Lakini vipimo vya nguvu ya mapafu havikubadilika, na hata kiwango cha hewa ukaa, ambacho ndicho kiini cha nadharia yenyewe, nacho hakikubadilika. Uingereza walifanya kubwa zaidi, likachapishwa mwaka 2018: watu wazima 655 wenye pumu, baadhi wakafundishwa kupumua ana kwa ana na mtaalamu wa tiba ya viungo, wengine wakapewa DVD na kijitabu, wengine wakaendelea na matibabu yao ya kawaida. Baada ya mwaka mmoja waliofundishwa waliripoti maisha yenye nafuu. Uvimbe wa mirija na nguvu ya mapafu vikabaki kama vya wenzao. Na waliotumia DVD nyumbani walifaidika sawa na waliokaa na mtaalamu. Jambo la kukumbuka kabla hujalipia kozi ndefu.

Unaona picha inayojitokeza? Mtu anajisikia vizuri, ugonjwa uko palepale. Zote mbili ni kweli kwa wakati mmoja. Nafuu inatoka wapi, basi? Sehemu yake, kwa maoni yangu kubwa, ni hii: mtu aliyeishi na pumu kwa miaka huingiwa na hofu kifua kikibana kidogo tu, akaanza kuhema haraka kwa kifua cha juu. Kuhema huko kunaitoa hewa ukaa nyingi, naye anapata kizunguzungu, ganzi kwenye vidole na midomo, na hisia kwamba pumzi haiingii. Anadhani pumu imezidi, anabonyeza inhela, moyo unaenda mbio kwa sababu ya dawa, hofu inapanda. Mazoezi ya pumzi yanakata mnyororo huo. Ndiyo sababu inhela ya kutuliza inatumika kidogo, na ndiyo sababu mimi mwenyewe huwashauri wagonjwa wangu wayafanye.

Hatari iko hatua moja mbele. Mtu akijisikia vizuri anaanza kuiacha ile inhela nyingine, ya kuzuia, yenye steroidi (dawa ya kushusha uvimbe), ambayo haimpi raha ya papo hapo. Uvimbe unaendelea kimyakimya. Mafua ya kawaida yanakuja, au msimu wa chavua, na shambulio linamkuta bila kinga. Na zingatia kwamba majaribio yote hayo yalihusu pumu. Kuyatumia kuahidi kupona kwa chafya na macho kuwasha ni kuruka mto bila daraja.

Pengine umeshajaribu kubana pumzi na pua ikafunguka, ukaona kwamba mwalimu ana miujiza. Inafunguka kweli. Mwili ukihisi hewa inapungua, mishipa ya fahamu ya tahadhari huamka na kuikaza mishipa ya damu ya puani, uvimbe unashuka kwa muda. Ukipanda ngazi mbio mbio inatokea hivyohivyo. Dakika chache baadaye hali inarudi. Litumie ukitaka kupata nafasi ya kupuliza dawa, lakini kwa mwenye pumu usibane mpaka unatweta.

Jingine utakaloambiwa ni kuvuma kwa mdomo uliofungwa, kama mtu anayebembeleza mtoto. Mianya ya mifupa ya uso, ile ya sainasi, hutengeneza gesi ya naitriki oksaidi. Watafiti wa Stockholm walilionyesha hilo mwaka 1995, na mwaka 2002 wakakuta kwamba kuvuma kunaiongeza gesi hiyo kwenye hewa inayotoka puani mara 15 hivi. Ni ugunduzi mzuri ajabu. Kwamba kuvuma kunatibu mzio, huko hawakufika. Vuma ukipenda.

Na sasa tabia ya kupumua ambayo, katika miaka yangu ya kuwaona wenye mzio, imewaletea watu nafuu kuliko zote, na ambayo hakuna anayeifungulia darasa: namna unavyopumua wakati wa kutumia dawa. Wengi huniambia dawa ya pua haifanyi kazi. Nawaomba wanionyeshe wanavyoitumia. Wanainua kichwa juu, wanapuliza, kisha wanavuta kwa nguvu kama mtu anayenusa ugoro. Dawa yote inaishia kooni, wanakunja uso kwa uchungu, na utando wa pua umebaki mkavu. Fanya hivi: penga kamasi taratibu, tundu moja moja. Inamisha kichwa mbele kidogo. Kwa tundu la kushoto tumia mkono wa kulia, na la kulia mkono wa kushoto, ncha ikielekea upande wa sikio na si kwenye ukuta wa katikati, unaotoka damu kirahisi. Puliza huku ukivuta pumzi nyepesi tu, kama unayesikia harufu ya ua. Basi. Kila siku, hata siku njema, kwa sababu dawa za steroidi za puani zinaweza kuchukua wiki mbili kufikia nguvu yake kamili. Anayezitumia siku anapoumwa tu hajazijaribu bado.

Inhela nazo zina pumzi zake, na zinapishana. Ile ya kubonyeza inataka pumzi ya polepole: itikise, toa hewa, anza kuvuta taratibu, bonyeza mara moja huku ukiendelea kuvuta kwa sekunde tatu hadi tano, kisha shikilia hadi sekunde 10. Ya unga inataka kinyume chake, uvute haraka na kwa nguvu tangu mwanzo, maana nguvu yako ndiyo inayoutawanya unga. Hukusema zako ni za aina gani. Mtu mwenye aina zote mbili akizichanganya pumzi, dawa inabaki kinywani na anaonekana mgonjwa sugu. Yenye steroidi, ukimaliza, sukutua na uteme.

Kusafisha pua kwa maji ya chumvi ni jambo la kale na linasaidia, kwa kuwa linaondoa chavua na ute kabla hujapuliza dawa. Gramu 9 za chumvi kwa lita moja. Maji lazima yawe yamechemshwa yakapoa, au yaliyokenekwa, yaani ya mvuke uliopozwa. Silitii mkazo bure: mwaka 2011 watu wawili walifariki Louisiana, Marekani, baada ya kusafisha pua kwa maji ya bomba yaliyokuwa na amiba inayopanda hadi kwenye ubongo. Ni tukio la nadra sana, na kuchemsha maji kunaliondoa. Matone ya kuzibua pua haraka yasizidi siku tano. Yakizidi, pua huanza kuziba kwa sababu ya matone yenyewe.

Ukiniuliza ningefanya nini kwenye nafasi yako: wiki nne za kwanza ningeshughulikia pua, yaani maji ya chumvi na dawa kila siku kwa namna niliyoeleza. Shuka na foronya ningezifua kwa maji ya nyuzi 60, joto linalomuua utitiri, na wakati wa kufagia au kukung'uta matandiko ningevaa barakoa. Hapo ndipo chembe zinaporuka kwa wingi, na hapo ndipo kufunga mdomo kunapolipa kweli. Pua ikishapitisha hewa, ningeongeza mazoezi: kukaa wima, mkono juu ya tumbo, kuvuta kwa pua mpaka tumbo liinuke, kutoa polepole kuliko ulivyovuta, mabega yametulia, dakika tano asubuhi na tano jioni. Kiu ya hewa isiwepo. Ikija, umebana mno.

Na ujue siku ambazo mazoezi hayana nafasi. Ukishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo ikibadilika rangi, au inhela ya kutuliza isipoleta nafuu, endelea kuitumia huku ukienda hospitali. Uso au ulimi ukivimba, mwili ukitoka vipele na pumzi ikabana baada ya kula kitu, kuumwa na nyuki au kumeza dawa, kinachohitajika ni sindano ya adrenalini, tena haraka. Kukaa na kuhesabu pumzi kunaupoteza muda ulionao.

Mwalimu wako endelea naye, mkikubaliana kwamba ratiba ya dawa si somo lake. Ukienda kliniki, beba zile inhela mbili na dawa ya pua, usiseme kitu, uzitumie mbele ya muuguzi kama unavyozitumia nyumbani. Kisha niandikie alichokurekebisha.